Kwa Heshima ya Mguu Uliokatwa

Fagia chini ya meza ya fundi redio uone utakachozoa: vumbi, matone ya risasi yaliyoganda, maganda ya karanga, na miguu. Miguu tele. Rezista ikishalehemiwa kwenye bodi, fundi hushika koleo akaikata miguu yake miwili iliyozidi, nayo huruka inakotaka, mmoja kwenye kola ya shati, mwingine kwenye kikombe cha chai. Mke wangu anaichukia kuliko mende, kwa kuwa mende hachomi unyayo. Mimi leo nimekuja kuisifu, na sioni haya.

Nianze na nasaba, kama ilivyo ada. Zamani redio haikuwa na bodi ya kuchapwa. Ndani ya sanduku lake mguu wa rezista ulishikana na mguu wa kapasita, na kazi kubwa ya kupitisha umeme ilikuwa mikononi mwa miguu. Akaja Paul Eisler, mhandisi mzaliwa wa Vienna aliyehamia London, akatengeneza redio yenye saketi iliyochapwa katika miaka ya 1930. Baada ya vita bodi zikaenea, shaba ya kuchapwa ikatwaa ufalme, na mguu ukaanza kukatwa na kutupwa. Lakini ufalme ule una ufa, na ufa wenyewe ni tundu.

Bodi yenye shaba pande zote mbili inataka umeme uvuke kutoka juu kwenda chini. Kiwandani huyatumbukiza matundu kwenye dawa yenye paladi, madini ya masonara, ili shaba ipate pa kushika. Kisha huikuza kwa umeme mpaka ukuta wa tundu uvae shaba ya maikromita 20 au 25, nyembamba kuliko unywele. Nyumbani, tundu ni tundu tu. Umetoboa bodi ya milimita 1.6 kwa kekee ya milimita 0.8 (ya tatu, mbili zimeshavunjika), na ukutani mwa tundu kuna nyuzi za kioo na gundi. Umeme ukifika ukingoni husimama kama basi lililokuta daraja limesombwa.

Wenye uwezo hununua riveti ndogo za shaba na kifaa cha kuzikandamizia. Wenye ushujaa huchanganya mrututu na asidi ya betri, wakapaka matundu wino wa kaboni, wakaitumbukiza bodi. Nami nilikuwa shujaa mara moja. Baada ya saa mbili shaba ilikuwa imeota vizuri sana, kwenye klipu.

Ndipo nikainama chini ya meza. Mguu wa rezista una unene wa kama nusu milimita, unapita kwenye tundu bila kubishana. Umeshapakwa bati, risasi inaupenda. Ukiuona unavutwa na sumaku usiudharau: ni chuma kilichovikwa shaba, na kwa kazi hii unatosha. Bei yake ni kuinama.

Wapo wanaousema vibaya kwamba ni msumbufu. Kweli, unalehemu juu, unageuza bodi, unalehemu chini, moto unapanda kwa ndani, risasi ya juu inayeyuka, na mguu unachomoka ukining'inia kwenye ncha ya chuma chako kama samaki kwenye ndoana. Hapo ndipo mtu anapojua ana subira kiasi gani, na elimu hiyo haiuzwi dukani. Mimi nimejifunza kuukunja kabla ya kulehemu, juu uelekee kulia, chini uelekee kushoto, kama herufi Z. Siku ya matundu mengi nachukua waya mmoja mrefu na kushona, juu chini, juu chini, kama mtu wa mkeka. Nalehemu yote, halafu ndiyo nakata katikati.

Isitoshe, mguu ni mwalimu wa uchoraji. Usiuweke chini ya chipu, maana kinundu chake kitaiinua chipu. Usitegemee kulehemu miguu ya soketi kwa upande wa juu, maana plastiki imekaa juu yake na chuma hakifiki. Atakayesahau atachora bodi upya. Mimi nimechora mara nne.

Kuna bodi moja ilinilaza macho. Ilikuwa na matundu 47. Taa haikuwaka. Nikaishuku chipu, nikanunua nyingine. Nikashuku chaja. Nikawasema watu wa umeme, bila kosa lao. Mwanangu wa miaka saba akaiinua bodi kwenye balbu, akafumba jicho moja.

"Baba, hapa pana nyota."

Palikuwa na nyota kweli: tundu moja tupu, mwanga ukipita, njia ya hasi ya bodi nzima. Nikapapasa chini ya meza gizani, nikapata mguu, nikauingiza, nikalehemu pande mbili. Mita ikalia. Taa ikawaka.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukimaliza kazi usifagie haraka. Tafuta kopo la dawa lenye kifuniko, miguu uitie humo. Langu limefika nusu, na bodi iliyo mezani sasa ina matundu 63.