Tairi za Mapozi

Hongera, kaka, kwa tairi mpya: 225/40, rimu inchi 18. Ubavu wake ni milimita 90 tu, na kweli, kwenye kona gari linatii usukani papo hapo. Ila Dar es Salaam kona za kukata kwa kasi ni za kutafuta; mashimo yanakutafuta yenyewe. Zile 195/65 ulizouza zilikuwa na karibu milimita 127 za kumeza kishindo. Sasa shimo likibisha hodi, rimu ndiyo inayoitikia, ubavu unaota nundu, na fundi wa kunyoosha rimu anakuita "bosi". Kwenye tuta bajaji inakupita, wewe unavuka kimshazari kama mwenye jipu. Lakini ukishapaki mbele ya baa, kaka, nani akuguse!