Mwongozo wa Kununua Tuba Ukiwa Umepanga Chumba Wazo

Mdogo wangu unayesoma muziki Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, ukapanga chumba Wazo kwa sababu kodi ya karibu na chuo ilikushinda, usiulize bei ya tuba kwanza. Azima futi kamba kwa fundi cherehani, upime milango: wa chumba chako, wa bajaji inayokushusha kutoka Tegeta Nyuki, na wa daladala ya Makumbusho saa kumi na mbili asubuhi, watu wakiwa wameshajaa hadi ngazini. Tuba ya B♭ ya ukubwa kamili ina kimo cha karibu mita moja, uzito wake ni karibu kilo kumi, na mdomo wake ni mpana kuliko sinia la pilau. Konda ataitazama mara moja tu, kisha atasema, "Oya mwanangu, hilo dude linalipa." Usibishane naye, maana ana haki. Nauli ya kiti cha pili iingize kwenye hesabu ya bei tangu leo, kwa sababu utailipa kila siku ya mazoezi hadi umalize chuo.

Ukishapima, jiulize utapiga na nani. Wanafunzi wengi huanza na jina la kampuni, na hapo ndipo fedha hupotea. Ukipiga na kwaya ya tarumbeta ya KKKT, umeingia kwenye mapokeo ya makanisa ya Kijerumani: besi inasoma ufunguo wa F, na noti iliyoandikwa ndiyo noti inayosikika. Kwenye mapokeo ya bendi za brasi za Kiingereza, ambayo Jeshi la Wokovu limeyasambaza duniani, mpigaji wa besi husoma ufunguo wa G kama mpigaji wa kornet, na sauti inatoka chini kabisa ya kile kilichoandikwa. Ala inaweza kuwa ileile na vidole vilevile, lakini karatasi ni tofauti. Kama umekulia kwenye kwaya ya toniki solfa, kama wengi wetu, itabidi ujifunze mojawapo upya, basi jifunze ile ya watu utakaokaa nao. Kwenye matarumbeta ya harusi hakuna karatasi. Unasikia, unapiga.

Ushauri wangu kwa mwanafunzi wa Wazo ni tuba ya E♭, na nausema bila kusita. Ukiinyoosha mirija yake yote unapata kama mita nne, wakati ile ya B♭ inafika mita tano na nusu. Tofauti hiyo utaihisi mgongoni ukishuka kituoni, na utaihisi kifuani ukifika mstari wa tatu wa wimbo mrefu. Usimsikilize atakayekwambia kwamba E♭ ni ya watoto. John Fletcher, aliyekuwa mpigaji tuba wa London Symphony Orchestra hadi kifo chake mwaka 1987, alifanya kazi yake kubwa kwa E♭, na hakuna aliyemwita mtoto.

Kuhusu valvu, nne ni bora kuliko tatu. Ukibana ya kwanza na ya tatu pamoja, noti hupanda juu kidogo ya mahali pake. Ya nne hushusha sauti kwa nne kamili ikiwa peke yake, hivyo noti hiyo hukaa sawa, na pia hukufungulia noti za chini ambazo valvu tatu haziwezi kuzifikia. Ila ukiletewa mbili mezani, moja ina valvu tatu zinazoteleza vizuri na nyingine ina nne zinazokwama, chukua yenye valvu tatu. Mkono wako utaishukuru hiyo kila asubuhi.

Sasa tuba yenyewe inatoka wapi? Maduka ya Kariakoo yamejaa kinanda, gitaa na spika, na tarumbeta utaipata, lakini tuba ni nadra kuikuta dirishani. Njia zilizobaki ni tatu. Ya kwanza ni mpya ya bei ya chini kutoka China, au kutoka Meerut, mji wa kaskazini mwa India ambao mafundi wake wamekuwa wakitengeneza ala za bendi za harusi kwa vizazi. Ya pili ni iliyotumika kutoka Ulaya. Ya tatu ni ile iliyolala stoo ya kanisa au ya shule, ambayo mara nyingi haiuzwi, ila huazimwa kwa mtu atakayeahidi kuipiga Jumapili. Anzia hiyo ya tatu. Nenda usharikani, zungumza na mwalimu wa kwaya na mzee wa kanisa, uwaambie wazi kwamba unasoma muziki na huna ala. Tuba ya kuazima kwa mwaka mmoja itakufundisha unachotaka kununua, na hutalipa shilingi.

Ukiagiza mpya kutoka nje, bei uliyoiona kwenye simu ni mwanzo tu. Ongeza usafiri, na tuba ni mzigo mkubwa hata kabla haijawa mzito. Ongeza ushuru wa forodha: ala za kupuliza ziko chini ya namba 9205, kaulize TRA kiwango cha siku hiyo ukiwa na namba hiyo mkononi. Kisha VAT ya asilimia 18, ambayo hukokotolewa juu ya jumla ya bei, usafiri na ushuru kwa pamoja. Wengi wameileta tuba nusu ya safari wakaiacha bandarini kwa sababu ya hesabu hii. Na ala za bei ya chini hazilingani hata zikitoka karakana moja: moja inaimba, jirani yake haishiki noti. Usilipie ambayo hujaipuliza wewe au mtu unayemwamini.

Za kutoka Uingereza zina mtego wake. Bendi za brasi za huko zilitumia kiwango cha sauti cha juu, ambapo noti ya A ilikuwa karibu na hezi 452, hadi miaka ya 1960, wakati dunia iliyobaki ilikuwa imeshakubaliana na 440. Zile besi za zamani ni nzuri, shaba yake ni nene, na huuzwa kwa bei rahisi kwa sababu hiyohiyo. Ukivuta mrija mkuu hadi mwisho na bado uko juu ya kinanda cha kanisa, iache, isipokuwa una fundi wa kukuongezea mirija.

Siku ya kukagua, nenda na kitambaa, na programu ya kupimia sauti kwenye simu. Usiitazame inavyong'aa. Vuta kila mrija. Usiotoka leo hautatoka mwezi ujao bila moto. Vuta mrija wa valvu ya kwanza ukiwa hujabana valvu, kisha ibane: ukisikia mlio wa "pop", hewa haivuji. Ukimya maana yake pistoni imelika. Rudia kwa kila valvu, na muuzaji akianza kukuharakisha, rudia tena. Halafu angalia bomba linalotoka kwenye kipulizio. Huko ndiko mate na pumzi hupita kwanza, na huko ndiko zinki hutoka ndani ya shaba ikaacha madoa ya rangi ya waridi. Doa dogo la waridi kwa nje mara nyingi ni shimo linalosubiri kwa ndani, na hewa yetu ya chumvi ya pwani haisaidii kitu. Kibonyeo kwenye mdomo mpana hakina shida, hata kikiwa cha kutisha. Kibonyeo kidogo kwenye bomba la mwanzo kinaharibu sauti yote. Mwisho piga ngazi nzima polepole, uangalie simu, na uandike noti zinazokimbia. Kila tuba ina moja au mbili. Ikiwa na sita, aga kwa heshima.

Kuhusu ukarabati nina jambo la kukusisitizia, kwa sababu nimeona ala nzuri zikiuawa. Usimpelekee fundi wa kuchomelea mageti. Moto wake wa gesi huilainisha shaba, ikapinda na isirudi. Nenda Gerezani, umtafute fundi wa rejeta, na si kijana wa rejeta za alumini na plastiki. Mtafute mzee aliyejifunza kazi wakati rejeta za malori zilikuwa za shaba, zikiunganishwa kwa lehemu. Lehemu ya bati na risasi huyeyuka chini kidogo ya nyuzi 190, na viungo vya tuba vimeshikwa kwa lehemu ya namna hiyohiyo. Mzee huyo anajua kupasha kiungo kimoja bila kuachisha cha jirani. Mwonyeshe tuba, mweleze kwamba ndani inapita hewa na si maji, na kwamba kitone cha lehemu kikibaki ndani ya bomba utakisikia kila noti. Atakuelewa haraka kuliko unavyodhani. Mkiwa marafiki, mpelekee na wenzako wa trombone, kwa sababu mji huu unahitaji fundi wa brasi, na yeye ndiye aliye karibu zaidi na kazi hiyo.

Fedha, sasa. Bumu la chakula na malazi ni la chakula na malazi. Mpigaji wa besi mwenye njaa hana pumzi, na pumzi ndiyo kazi yenyewe. Cheza mchezo na wenzako wa bendi, watu sita au wanane wanaoonana kila wiki, na uombe zamu ya mwisho ili usiwe na deni ukishaipata tuba. Au mnunue pamoja, tuba moja kwa bendi nzima. Andikeni kwenye karatasi nani anaitunza wakati wa likizo na nani anabaki nayo mkihitimu, na mweke sahihi kabla ya kununua. Urafiki mwingi umeishia kwenye ala isiyo na karatasi.

Mama mwenye nyumba umwambie kabla tuba haijaingia getini. Sauti ya besi hupita ukuta wa tofali kirahisi kuliko ya tarumbeta, na itatikisa vikombe vya jirani anayelala mchana kwa sababu ana zamu ya usiku. Bahati ya Wazo ni viwanja ambavyo bado havijajengwa. Pigia huko jioni, na ukirudi ufute vumbi la barabara kwenye valvu kabla ya kutia mafuta, kwa kuwa vumbi hilo likichanganyika na mafuta ndilo linalokula pistoni. Mafuta yawe ya valvu. Ya kupikia huganda.

Baada ya hapo tuba ianze kujilipa. Pwani hii imekuwa na brasi kwa zaidi ya karne: askari Waafrika wa jeshi la Kijerumani walipiga ala hizo Dar es Salaam kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na beni, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi iliyoanza pwani ya Kenya miaka ya 1890, ilishuka hadi huku, vyama vya Marini na Arinoti vikashindana kwa mavazi na kwa ngoma hadi mwanahistoria Terence Ranger akaiandikia beni kitabu kizima mwaka 1975. Leo matarumbeta yanatangulia msafara wa harusi kwenye pikapu kila Jumamosi, mengi yakiwa na tarumbeta, saksafoni na ngoma, bila besi ya maana. Ukiweka E♭ chini ya nyimbo zile, ukumbi mzima unasimama, na mwenye shughuli anauliza namba ya simu ya kundi lako. Kaa katikati ya pikapu, si pembeni, mgongo kwenye kabini, kipulizio kikiwa mbali na meno wakati wa matuta ya Tegeta. Na malipo ya kundi, chukueni nusu kabla gari halijawashwa.