Tilapia Ni Tilapia, Wanasema

Hakuna mtu hata mmoja hapa Bungulu anayeweza kuniambia samaki wangu ni nani. Nimemuuliza kijana anayetuletea vifaranga kwa pikipiki ndani ya bidoni la njano. Nimemuuliza muzee mwenye bwawa lililo juu ya langu. Nimewauliza hata akina mama wanaouza samaki soko la Kilokwa. Jibu ni lile lile: "Papa, tilapia ni tilapia."

Naomba nisikilizwe. Kwetu Wanande mtu akikwambia anaitwa Kambale, umeshajua kuna mvulana aliyemtangulia. Kasereka ni wa tatu, Kakule ni wa nne, hesabu yote ya mama imo ndani ya majina. Watu wenye nidhamu ya namna hiyo wakichimba bwawa, wanamwaga humo koo mbili za samaki kwa mkupuo mmoja, na ukiwauliza nani ni nani wanainua mabega.

Wako wawili wanaotusumbua. Wa kwanza ni tilapia wa Nile, yule ambaye Watanzania wanamwita sato: mkubwa, mkia wenye mistari ya wima iliyonyooka, na ndiye anayesifiwa kila tukiitwa kwenye semina ya ufugaji. Wa pili ni ndugu yake mfupi, mweusi mwenye madoa meupe. Wataalamu wanamwita Oreochromis leucostictus, na Mwingereza Ethelwynn Trewavas ndiye aliyemwandika katika sayansi mwaka 1933. Mimi namwita Mwenye Madoa. Wote wawili ni wenyeji wa Ziwa Edward, na aliyewahi kula samaki wa Kyavinyonge, ufukoni mwa ziwa hilo, huenda amewala wote katika sahani moja bila kutambulishwa.

Sasa tazama wangu. Mistari ya mkia inaanza vizuri, halafu inaacha kazi katikati. Madoa yapo, lakini ni ya kubahatisha. Akishakomaa kabisa anatosha kiganja changu, na mimi si mtu wa viganja vikubwa. Nilipompeleka Kilokwa na kuanza kueleza habari za baba na mama yake, mama mmoja alimgeuza mara moja tu akamrudisha beseni. "Papa, miye nauzisha samaki, siuzishe ukoo. Hii ni ndogo."

Kwa haki, udogo huo siwezi kuutupia uchotara peke yake. Tilapia jike hubeba mayai na watoto mdomoni, na wakati huo chakula kwake ni shida. Tena bwawani huanza kuzaa akiwa na miezi michache tu, bado ni kitoto. Bwawa likishajaa, pumba unayomwaga inagawanywa mpaka kila mmoja anabaki na harufu yake. Hilo nalikubali. Lakini ningekuwa na ukoo mmoja, angalau ningejua ni nani anayenilia pumba.

Chanzo cha yote kiko juu. Mabwawa ya bonde letu yamepangana kufuata kijito, la muzee kwanza, kisha langu, kisha ya wengine, na maji ni yale yale. Anachofuga yeye, nami nafuga. Nimeweka wavu kwenye bomba la kuingizia maji, lakini kifaranga cha tilapia hakijui wavu, kinajua matundu. Mvua kubwa za Novemba zikishuka, matuta yanazama na bonde zima linakuwa familia moja. Na familia inakua, maana tangu mashamba ya mbali yalipokuwa hayaendeki kwa sababu ya usalama, kila mwenye kipande cha kinamasi amechimba shimo lake.

Nikimlalamikia muzee, ananijibu kwa upole wa kuudhi: "Mwanangu, hata ziwani wanaishi pamoja." Ni kweli wanaishi pamoja, na hapo ndipo hasira yangu inapopanda. Ziwani wanaishi pamoja miaka na miaka na kila mmoja anabaki yeye! Dume wa Nile akitaka kuoa hupata wekundu mwilini na kufukua kiota chake kipana. Mwenye Madoa huiva weusi na kujenga chake kwenye maji mafupi ya pembeni. Jike anapita, anatazama rangi, anakagua nyumba, anachagua. Nafasi ipo na mwanga upo. Sasa mlete jike huyo katika maji yetu, ambayo tumeyarutubisha kwa samadi ya nguruwe mpaka ukizamisha mkono huoni vidole. Achague nini? Ni harusi umeme ukiwa umekatika: kila mtu anamshika aliye karibu. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha jambo hilo kwa samaki wa jamii hiyo hiyo katika Ziwa Victoria. Maji yakipoteza uangavu, rangi hazionekani, na mipaka kati ya spishi na spishi inaanza kufutika.

Punda akizaa na farasi, nyumbu anayepatikana hazai, na mambo yanaishia hapo. Hawa wanazaa. Watoto wao nao wanazaa, na wajomba zao hawajastaafu.

Tena sidhani kwamba ni uchungu wangu wa bondeni tu. Naivasha, Kenya, mwaka 1925 waliingiza ziwani tilapia wa Mto Athi, akastarehe humo. Mwaka 1956 akaingizwa Mwenye Madoa, huyu huyu wa ukoo wa Ziwa Edward, ambaye hakusimama mpakani Kasindi wala kugongewa muhuri wa pasi. Wakaanza kuoana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yule wa Athi alikuwa ametoweka Naivasha. Madagaska nao, katika Ziwa Itasy, tilapia wa Nile alichanganyika na aina nyingine iliyotangulia kuletwa pale, na chotara wao watu wakamwita "trois-quarts", yaani robo tatu. Nawaheshimu sana Wamalagasi kwa jambo hilo. Angalau walipiga hesabu.

Nina mpwa wangu Ulaya. Badala ya mbuzi anafuga vile vidudu vya kijivu vyenye miguu kumi na minne ambavyo sisi tunavifagia chini ya matofali, vile ambavyo vingine ukivigusa vinajikunja duara. Anavifuga ndani ya makopo, anavilisha majani makavu na vipande vya karoti, na anavipenda. Siku aliponionyesha kwenye simu nilitaka kumwombea. Lakini makopo yake yana lebo! Kila aina na kopo lake, maana aina za karibu ukiziweka pamoja, anasema, huna tena uhakika wa kizazi kinachofuata, na wanunuzi wake hawataki cha mashaka. Kidudu cha chini ya tofali kina kitambulisho. Samaki ninayemla na bugali hana.

Mjanja wa vifaranga ameshagundua kwamba watu wamechoka. Wiki hizi anatangaza "madume matupu", kwa bei ya juu bila shaka, kwa kuwa dume hukua haraka na hajazi bwawa watoto. Ujanja wenyewe si uongo. C. F. Hickling alikuwa Malacca, kule Malaysia ya leo, akachukua dume wa tilapia kutoka Zanzibar, ambaye asili yake ni Mto Wami wa Tanganyika, akamkutanisha na jike wa aina ya Msumbiji. Watoto wakatoka madume watupu, naye akaandika habari hiyo mwaka 1960. Ila kuna sharti ambalo kijana wa bidoni halitaji: wazazi lazima wawe safi, kila mmoja wa ukoo wake kamili. Damu ya wazazi ikishachanganyika, majike yanarudi. Kwa maneno mengine, hata ukitaka kuchanganya kwa faida, uanze kwanza kwa kutenganisha. Na wazazi safi katika bonde letu utawatafuta kwa taa.

Muzee alinunua. Aliniita nije nione jinsi madume yake yanavyonenepa, akaniwekea kiti ukingoni, akamwita mjukuu ashuke na wavu. Samaki wa kwanza kutoka alikuwa mzuri kweli, ana kidevu kilichotuna. Mjukuu alipomshika vizuri, samaki alifungua mdomo akatema vitoto kwenye beseni, vingi mno, vikaanza kuogelea.

"Muzee," nikasema, "hili dume lako lina watoto mdomoni."

Muzee aliinama akavitazama kwa muda mrefu, akajikuna shingo.

"Ni dume," akasema. "Iko na huruma tu."

Kisha akamwambia mjukuu amwage beseni upande wa bomba, yaani upande wangu.