Rimu ya Kumfurahisha Fundi

Tairi lenye maandishi 185/65R15 lina upana wa milimita 185, rimu ya inchi 15, na ubavu, yaani kimo cha mpira kutoka ukingo wa rimu hadi unapokanyaga barabara, wa asilimia 65 ya upana huo, takriban milimita 120. Kijana wa Songea anayejihesabu mwanamashindano hulivua, akafunga 205/40R17, lenye ubavu wa milimita 82 tu, kisha akapita mtaani Lizaboni kwa madaha mpaka shimo la kwanza, ambapo rimu hupinda na fundi wa pancha hushukuru Mungu. Madereva wa mbio za magari za Safari Rally kule Naivasha, Kenya, wale ambao mbio ndiyo ajira yao, hukanyaga vumbi kwa rimu za inchi 15.