Gari la Jua, Chaji ya Usiku

Tajiri mmoja wa Kariakoo, muuza sola, amenunua gari la umeme na kujaza paneli juu ya bati lake kule Mbezi. Hongera zake. Umeme unaobaki mchana, friji na pampu zikishashiba, uingie garini bure. Hesabu safi kabisa, isipokuwa jua la Dar hukolea saa sita hadi saa tisa, na saa hizo gari lipo Mtaa wa Kongo, limebanwa na mikokoteni, linalipiwa maegesho. Linarudi nyumbani saa mbili usiku. Tajiri anachomeka waya, mita ya LUKU inaanza kuhesabu yuniti kama kwetu sisi wapika wali kwa umeme.

Betri kubwa ya nyumbani ingelihifadhi jua hilo mpaka usiku. Anaziuza mwenyewe dukani, ila bei inamtisha. Faida aliyopachika anaijua.

Basi gari linakunywa umeme wa gridi, ambako Bwawa la Nyerere pekee lina mitambo ya megawati 2,115. Maji ya Rufiji, bwana! Mteja akiuliza gari linakula nini, tajiri ananyoosha kidole juu mbinguni.