Ukuta, Seng'enge au Michongoma: Majibu kwa Wenye Viwanja

Uzio wa nyumba ya familia huchaguliwa kwa kujua kwanza unatakiwa kuzuia nini. Mbuzi, mwizi, macho ya wapita njia, maji ya mvua na mtoto anayejifunza kukimbia havizuiliki kwa kitu kimoja. Fundi akiulizwa atapendekeza ukuta wa matofali, kwa kuwa ndio anaoujua na ndio unaomlipa. Barua zinazoifikia safu hii zinaonyesha kwamba wengi huanza na fundi, wakanunua nondo, na swali lenyewe wakalikumbuka geti likishapakwa rangi.

Mkazi wa Goba anayejiita Mwenye Hati Safi ana kiwanja cha mita 20 kwa 30, nyumba iliyofika kwenye linta, na fedha za kumalizia ama paa ama ukuta. Anauliza aanze na kipi, akiongeza kwamba jirani wa kushoto ameshajenga ukuta na wa kulia ameagiza mchanga. Maradhi haya hushamiri katika mitaa inayokua haraka, na huambukizwa kwa kutazama lori la jirani likishusha mzigo. Hesabu yake ni nyepesi. Mzingo wa kiwanja hicho ni mita 100; geti likichukua 4, zinabaki 96. Ukuta wa kimo cha mita 2 hula takriban matofali 10 ya inchi 6 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo yatahitajika zaidi ya 1,900, na hapo msingi, nguzo, mkanda wa juu na lipu havijaguswa. Matofali hayo yanatosha kuinua kuta za nyumba ndogo ya vyumba viwili. Paa litangulie. Mpaka unaweza kulindwa kwa nguzo za zege na wavu wa seng'enge kwa miaka kadhaa, na hakuna aliyewahi kulowa kwa sababu jirani yake ana ukuta.

Ukuta ukishaamuliwa, ubora wake hupimwa kwenye tofali moja moja. Tofali la saruji hutakiwa kumwagiliwa maji kwa siku 7 angalau baada ya kufyatuliwa. Lililoachwa likaushwe na jua siku hiyohiyo huonekana zima kwa mbali, lakini kucha ikipitishwa kwenye pembe yake mchanga hubaki kidoleni. Muuzaji atasema yote ndivyo yalivyo. Nguzo zenye nondo huwekwa kila mita 3 hivi, na msingi hushuka mpaka udongo mgumu. Kwenye mfinyanzi mweusi, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, ukuta mrefu uliojengwa kipande kimoja bila kuachiwa nafasi hupata ufa unaopanda ngazi kwa ngazi kufuata maungio ya matofali. Ufa huo huzibwa kwa rangi kila Desemba na hurudi kila Aprili.

Barua ya Mbagala imeandikwa na Mama Asiyelala. Ukuta wake una futi 8, juu umepandwa vipande vya chupa, kijani upande mmoja na kahawia upande mwingine, na bado wezi wameingia wakachukua mtungi wa gesi, jiko lake na pasi. Anauliza aongeze futi ngapi. Jibu ni sifuri. Chupa zilizovunjwa hufunikwa kwa gunia au godoro bovu, na mwizi akishatua ndani, ukuta uleule uliomgharimu mwenye nyumba humsitiri yeye. Anaweza kukata grili ya dirisha kwa utulivu, kwa kuwa hakuna mpita njia wala jirani anayemwona. Ndiyo sababu uzio wa mbele unaoonekana ndani, kwa mfano tofali la mita moja chini na grili za chuma au matofali ya matundu juu, humsumbua mwizi zaidi kuliko ngome. Taa ya nje na majirani wanaosalimiana huongeza kazi hiyo. Wanaosalimiana, si wanaojuana kwa namba za magari.

Waya wa umeme juu ya ukuta ni jambo jingine. Mashine yake hutuma mpigo mfupi sana wa volti elfu kadhaa, karibu mara moja kwa sekunde, wa kustusha na kurudisha nyuma. Kuunganisha waya moja kwa moja na umeme wa nyumbani, kama baadhi ya mafundi wa mtaani wanavyopendekeza kwa bei ya soda, ni kuandaa msiba, na marehemu mara nyingi huwa mtu wa nyumba hiyohiyo. Tawi la mwembe likigusa waya, nguvu huvuja. Umeme wa mtaa ukikatika na betri haipo, waya hubaki wa kuanikia nguo.

Aliyejitambulisha kama Mpenda Amani wa Tabata anaomba maneno ya kumjibu jirani wa juu, anayedai kwamba ukuta mpya umegeuza uwanja wake kuwa bwawa la kambare. Maneno hayapo, kwa kuwa jirani yuko sahihi. Ukuta uliokatiza mteremko bila matundu chini ni bwawa, na maji yakijaa nyuma yake huusukuma mpaka ulale, aghalabu usiku na aghalabu upande wenye choo. Matundu huachwa usawa wa ardhi, huwekewa wavu wa chuma kuzuia panya na nyoka, na husafishwa kabla ya masika. Mpenda Amani atoboe ukuta, kisha apeleke pole. Kambare si wake kudai.

Kutoka Moshi, Mkwe Mpya anataka kung'oa mstari wa masale kwenye kihamba cha baba mkwe ili ajenge ukuta wa kisasa kabla ya ubatizo. Kwa Wachagga masale ni alama ya mpaka inayotambuliwa na ukoo mzima, na jani lake ndilo hupelekwa mtu anapoomba msamaha. Mkwe atakayeyang'oa atakuwa ameondoa mpaka na, kwa mkupuo huohuo, kifaa cha kuombea radhi. Ukuta ukilazimika, ujengwe ndani ya mstari huo.

Uzio wa mimea kwa ujumla hudharauliwa bila haki. Michongoma ikikatwa vizuri tangu michanga hufunga mpaka hata kuku asipite, na gharama yake kubwa ni subira na mkasi. Bogenvilia hupendeza na miiba yake haina masihara. Minyaa huota hata kwa tawi lililochomekwa tu ardhini, lakini utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huunguza na unaweza kumwacha mtu bila kuona kwa muda. Nyumba yenye watoto wa umri wa kuvunja kila kijiti haiifai.

Mke na mume wa Tanga wameandika barua mbili katika bahasha moja. Mke anataka uzio asionekane akiwa uani. Mume anataka uzio ambao gari lake litaonekana. Waandishi hawa hawajagombana, wanazungumzia pande mbili za nyumba. Majengo ya kale ya Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar yalilimaliza suala hili bila uzio wowote: ukuta wa nyumba ndio mpaka, baraza iko nje kwa wageni na mazungumzo, na kiwanda, ule uwazi wa katikati, kimefichwa ndani kwa ajili ya watu wa nyumbani. Nyumba ya Tanga inaweza kuifuata kanuni hiyo kwa grili mbele na ua uliofungwa nyuma. Ua wa makuti ni rahisi, hupitisha upepo na hauleti joto kama bati, ila mchwa huupenda, moto huupenda zaidi, na lazima ubadilishwe kila unapochakaa. Mume akumbuke kuziba mafuta yanayovuja chini ya gari kabla ya kulionyesha.

Geti lenyewe halijaulizwa na mtu yeyote, na ndilo linaloumiza watoto. Geti zito la kusukuma lisilo na kizuizi mwishoni mwa reli huweza kutoka na kumwangukia anayelining'inia. Kizuizi hicho ni kipande cha chuma kinachochomelewa kwa dakika chache.

Mkazi wa Kibaha amekuta alama ya X nyekundu kwenye ukuta wake na anauliza rangi gani itaifunika vizuri. Hakuna. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, na bomoabomoa ya 2017 kwenye Barabara ya Morogoro haikuchagua ukuta kwa uzuri wa lipu. Kibali cha ujenzi huombwa halmashauri na bikoni hutafutwa na mpima ardhi kabla ya tofali la kwanza, si baada ya X.

Barua ya mwisho ni ya Mjenzi wa Mbezi. Amepiga lipu upande wake tu, upande wa jirani ameuacha na saruji inayoning'inia, na sasa anataka jirani achangie nusu ya gharama "kwa kuwa naye anaufaidi". Aliyejenga ndani ya mpaka wake ndiye mwenye ukuta wote, pande zote mbili, na lipu ya upande wa pili ni mzigo wake, pamoja na kuomba ruhusa ya kuingiza jukwaa la mafundi kwa jirani. Jirani wa Mbezi hadaiwi kitu.