Nakala kwa: Bahari

Walimu tukiamua kustarehe, kwanza tunaunda kamati. Likizo ya Juni ilipokaribia, mitihani ya muhula ikiwa bado imejaa mezani, yetu ilishapata mwenyekiti, katibu, mhazini na mjumbe wa maadili, ambaye majukumu yake hatukuyajua ila soda yake tuliilipia.

Mwenyekiti alikuwa Mwalimu wa Jiografia. Alituandalia ratiba ya Bagamoyo kama anavyoandaa azimio la kazi: safu ya muda, safu ya shughuli, safu ya zana, na safu ya tathmini. Siku ya pili ilisomeka hivi: saa 4:00, kupanda mashua, saa 5:00, kuogelea kwenye fungu la Mwambakuni, saa 8:00, chakula hukohuko. Makamu wa Mkuu wa Shule akagonga muhuri. Nakala zikaenda kwa wahusika wote tuliowakumbuka.

Siku ya kwanza ilikuwa ya nchi kavu, na nchi kavu inajua nidhamu. Pale misheni, Mwalimu wa Historia alitusimulia jinsi akina Chuma na Susi walivyoubeba mwili wa Livingstone, aliyefariki Mei 1873 huko ambako leo ni Zambia, hadi wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874. "Kwa miguu!" akasisitiza, akimkazia macho dereva wa Kosta yetu, ambaye tangu Bunju alikuwa amesimama kila palipofuka moshi wa mishikaki.

Kaole tuliona magofu ya msikiti wa karne ya 13 na ule mbuyu mkongwe. Mwongozaji akasema kwamba wazee husimulia kuwa ukiuzunguka unaongezewa umri. Tukapanga mstari. Mwalimu wa Hisabati alitaka kujua kama nusu mzunguko inahesabika, kwa sababu ya goti lake. Makamu hakusogea kwanza. "Hiyo miaka," akauliza kwa sauti ya ofisini, "inaongezwa kabla ya kustaafu au baada?" Mwongozaji alikiri kwamba tangu aanze kazi hajawahi kuulizwa. Makamu akaahirisha kuzunguka hadi upatikane ufafanuzi.

Asubuhi iliyofuata, saa nne kamili, tulikuwa ufukweni na sufuria la pilau. Bahari haikuwapo. Mwezi ulikuwa umepevuka usiku wa kuamkia jana, bamvua lilikuwa limekaza, na maji yalikuwa yametoka mpaka yakawa uzi tu wa fedha kule mbali. Mashua tuliyokodi ilikuwa imelala ubavu mchangani. Akina mama walikuwa wakiokota kombe pale ambapo sisi, kwa mujibu wa ratiba, tulipaswa kuelea.

"Shikamoo, Mwalimu," nahodha akamwamkia Mwenyekiti.

"Marahaba. Maji yako wapi?"

"Nilimwambia Katibu mje saa moja. Akasema ratiba imeshagongwa muhuri."

Mwenyekiti akamtazama vizuri, akamtambua. Zamani, alipokuwa amepangiwa kazi Bagamoyo, kijana huyu alikuwa mchelewaji wake sugu. Leo kachelewa kidogo, kesho zaidi, keshokutwa zaidi tena, kisha baada ya siku kadhaa ghafla yupo paredi kabla ya kengele. Alikuwa akivua na baba yake, na maji ya pwani husogea mbele takriban dakika 50 kila siku. Jambo hilo Mwenyekiti alikuwa akilichora ubaoni kwa chaki ya rangi, na ndilo lililokuwa likimchelewesha mwanafunzi wake. Lile daftari la mahudhurio lilikuwa jedwali sahihi la kupwa na kujaa, na kijana alichapwa kwa kila mstari wake.

Bahati nzuri mdogo wake nahodha alikuwa ametia nanga kwenye kina, basi tukaifuata bahari kwa miguu, tukizama matopeni, walimu wawili wa Michezo wakitangulia na sufuria kama jeneza la heshima. Tulifika Mwambakuni saa sita kasoro. Fungu lilikuwa jeupe, zuri, na tayari lilikuwa limeanza kupungua.

"Mwalimu, tuleni sasa," nahodha akashauri.

"Saa nane bado," Mwenyekiti akajibu.

Saa saba tulikuwa tumebanana kama abiria wa Mbagala. Saa saba na nusu Makamu alikuwa bado amekalia kiti chake cha plastiki, maji yakiwa magotini, akisema hawezi kuondoka kabla ya kipengele kinachofuata. Sahani zilianza kugawiwa, wimbi likaja, na sufuria likaondoka. Halikupinduka hata kidogo. Upepo wa kusi ulikuwa unavuma, likaelekea kaskazini kwa utulivu mkubwa, mfuniko juu yake, huku Mhazini akipiga kelele kwamba hiyo ni mali ya shule na ina namba.

Kamati imekwisha kukaa. Desemba tunakwenda Saadani, ambako pori la hifadhi linakutana na Bahari ya Hindi. Mhazini ameomba fungu la kulitafuta sufuria ufukweni, na limepitishwa. Mwenyekiti amechaguliwa tena bila kupingwa. Viboko wa Mto Wami amewapangia saa 4:00 kamili, na Makamu ameshagonga muhuri.